Pale Upepo Ulipokuwa Ukiingilia

Jumanne, mwezi wa saba. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka mparachichi ulio mbele ya nyumba haukuonekana, kisha manyunyu, kisha jua kidogo lisilo na nguvu, na saa hii ninapoandika mvua imeanza tena. Ni ile baridi ya Kitale ya kila mwaka, isiyo na haraka na mtu.

Nimeketi mezani na nataka kuandika habari ya kuziba nyumba hii tangu mwanzo, kabla sijaanza kuikumbuka kwa namna inayonipendeza. Mimi nilifika darasa la saba tu. Kazini niliandika kila usiku, lakini yalikuwa mambo ya zamu: lori limeingia, lori limetoka, mvua, hakuna tatizo. Nikiandika mambo ya nyumbani naona kama mkono unataka kunipendelea. Kwa hivyo nitajaribu kuandika kama zamu.

Nyumba iko nje ya mji, upande wa kwenda Kiminini. Kuta ni za miti na udongo, chini tumepiga simiti kufikia magotini, juu ni mabati. Niliijenga na fundi mmoja wakati watoto walikuwa wadogo. Fremu za madirisha tuliziweka mbao zikiwa bado mbichi, maana mvua ilikuwa inakuja na sisi sote wawili tulitaka kumaliza. Mbao zilipokauka zilijikunja zikaachana na ukuta. Sitamlaumu fundi. Wala sijilaumu sana mimi, maana mvua kweli ilikuja.

Kwa miaka mingi nilikuwa askari wa usiku kwenye maghala ya mahindi mjini. Niliondoka nyumbani jua likizama na kurudi likiwa limepanda. Nililala mchana. Na mchana, jua likiwaka juu ya mabati, hata hapa Kitale utatupa blanketi. Kwa hivyo mke wangu aliposema hii nyumba ina baridi, mimi nilikuwa nimetoka jasho kwenye kitanda hichohicho saa chache kabla. Nikamwambia hivyo.

Akasema, "Wewe lala hapa usiku mmoja."

"Na mahindi ya watu yataangaliwa na nani?"

Tukacheka. Nadhani tulicheka wote wawili. Inawezekana nilicheka peke yangu.

Jambo hili nimelipima mara nyingi, na bado naona kwamba yeye alisema kweli juu ya usiku na mimi nilisema kweli juu ya mchana. Tuliishi nyumba moja kama watu wa zamu mbili, tunapokezana kitanda, na kila mmoja aliijua zamu yake tu. Watoto walikuwapo kati yetu, ndio walibeba habari kutoka zamu moja kwenda nyingine. Kisha watoto wakaondoka.

Mwisho wa mwaka jana niliacha kazi. Mwezi wa tatu, kaka yake mke wangu, ambaye anakaa Sirisia kwenye boma la wazazi wao, akapiga simu kwamba mke wake ameanguka amevunjika mguu, hakuna wa kumsaidia. Mke wangu akaenda. Ilikuwa ni haki aende. Mimi mwenyewe nilimbebea begi mpaka stendi, lile begi kubwa la kahawia.

Mguu ukapona. Mvua ikaanza, watu wakapanda, wakapalilia. Mke wangu hakurudi. Kwenye simu tulizungumza hivi, nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa nimesimama chini ya mparachichi kutafuta mtandao:

"Mguu wa wifi yako unaendeleaje?"

"Anatembea. Jana ameenda sokoni Chwele."

"Tumshukuru Mungu. Sasa?"

"Sasa nini?"

"Unakuja lini?"

"Baba watoto, kule kwenu si ni baridi? Hii miezi siiwezi. Lile sikio langu la kushoto wewe unalijua."

Kule kwenu, alisema. Nilisimama hapo hata baada ya simu kukatika.

Binti yetu ameolewa Bungoma, wanakaa karibu na Kibabii, na huko ni joto zuri. Lakini kwetu mama halali nyumba ya mkwe wake, hata mvua ikinyesha mawe. Anaweza kwenda mchana kumwona mjukuu, jioni lazima atoke. Kwa hivyo alibaki kwa kaka yake, kwenye kile chumba cha marehemu mama yao, na hilo ndilo lililoniletea shida mbele za watu. Wazee wa kanisani waliniuliza, "Mama yuko wapi siku hizi?"

"Sirisia."

"Kuna matanga?"

"Hapana. Ni baridi."

"Baridi," wakasema, na wakaniangalia vile mtu humwangalia mwenzake aliyesema ng'ombe wake ameingia shamba la jirani kwa bahati mbaya.

Mke akienda kwao kwa hasira, njia inajulikana. Unamtafuta mzee mwenzako, mnakwenda mmevaa makoti, mnaketi, mnaambiwa makosa yako, mnakula, mnarudi naye. Lakini hasira haikuwapo, au mimi sikuiona. Ningekwenda na mzee ningekuwa nimekiri ugomvi ambao siujui. Nikaona ni heshima kuamini neno lake lilivyo. Amesema baridi, basi ni baridi. Na baridi inazibika.

Jioni hiyo nilihama upande wangu wa kitanda, ambao ni wa mlangoni, nikalala upande wake, ambao ni wa dirishani. Upepo ulinigusa sikio la kushoto. Haukuwa mkali. Ulikuwa mwembamba kama uzi, na haukukatika. Nilikaa nao, nikamfikiria mtu aliyekaa nao miaka ile yote.

Nikaanza kazi. Sikujua matundu yako wapi, maana upepo hauonekani, na mkono wangu umekuwa mgumu, hausikii kitu kidogo. Nilichukua nyoya la kifua la kuku wetu mweupe, lile laini kama pamba, nikalifunga kwenye uzi. Nikangoja alasiri yenye upepo, nikazunguka nalo nyumba nzima polepole. Mahali palipofungika vizuri lilining'inia tu. Chini ya mlango liliruka likaingia ndani kama limeitwa. Pale ukuta unapokutana na mabati, kila wimbi la bati lilikuwa na dirisha lake dogo, na nyoya lilicheza kutoka kona mpaka kona. Kwenye fremu za madirisha lilitikisika upande mmoja likatulia upande mwingine. Nilichora alama za makaa ukutani. Nilipomaliza, nyumba ilikuwa na madoadoa kama chui, na niliona haya, kwa sababu nilikuwa nimeishi humo nikijiita mlinzi.

Mlango ulikuwa rahisi. Nilikata mpira wa tyubu ya bodaboda, nikaupigilia kwa misumari midogo chini ya mbao, ukawa unaburuta sakafuni. Madirisha na ukuta ndiyo kazi, kwa sababu yanataka udongo, na kukandika nyumba kwetu ni kazi ya mwanamke. Mwanamume hujenga miti akafunga, akaezeka. Udongo wa kupaka na mavi ya ng'ombe ni mkono wa mama. Sijawahi kuona mwanamume mzima anakandika isipokuwa yule aliyeachwa, na hata huyo hufunga mlango kwanza.

Sikufunga mlango. Nilihitaji mwanga. Jirani yetu, mama mjane anayeuza maziwa, akapita na mtungi wake.

"Mzee! Ni wewe unakandika?"

"Ni mimi."

"Yesu wangu. Na mama akisikia?"

"Ndiye nakandikia."

Akaweka mtungi chini, akachungulia dirishani. "Hiyo unapaka kama siagi kwa mkate. Itapasuka kesho. Ongeza mavi ya ng'ombe. Si ungeniita nikusaidie?"

Nikajikuna kichwa kwa mkono wenye udongo. Mwanamke mwingine akiweka mkono kwenye ukuta wako wa ndani, tena wa chumba cha kulala, mtaa mzima hautahitaji habari nyingine mpaka Krismasi. Yeye alielewa kabla sijasema.

"Unaogopa midomo."

"Naogopa."

"Hata mimi naogopa. Basi nitakufundishia nje."

Akasimama nje ya dirisha, mikono ameiweka nyuma kama mwalimu mkuu, akanielekeza. Lowesha ukuta kwanza. Sukuma ndani, usipake juu. Sasa laza kiganja. Si hivyo bana, kiganja, si ngumi, ati unapigana na nani? Waliopita njiani walisimama. Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti, "Mzee, ukimaliza hapo uje kwangu!" Nikacheka nao. Kuchekwa na watu si kubaya sana, angalau wapo.

Niliziba mawimbi yote ya mabati. Nilipompigia binti yetu kumweleza, alishtuka. "Baba, umeziba zote? Na jiko unawashia wapi?"

"Sebuleni. Ndiyo joto lenyewe."

"Baba, utakufa! Moshi wa makaa hauonekani. Fungua zile tundu za hewa juu ya madirisha, na jiko ulitoe nje. Niahidi."

Nilimwahidi. Nilifungua vile vitundu vya juu ya dirisha, nikaweka wavu wa mbu. Jiko nikalirudisha kwenye jiko la nje, lile banda letu. Naandika hili kwa sababu ni kweli karibu nijifungie ndani na kifo nikidhani ni joto, na kama si yeye labda haya yangeandikwa na mtu mwingine.

Kisha nikaja kwenye dari. Hatukuwa na dari. Joto lote lilipanda likakutana na bati likaisha. Kazini nilikuwa nimejifunza kushona magunia kwa ile sindano ndefu, maana mashono yalipofumuka usiku sikupenda kuona mahindi yanamwagika hadi asubuhi. Nikashona magunia ya zamani ya katani, moja kwa lingine, nikayavuta chini ya boriti, nikayapigilia kwa mbao nyembamba. Juu yake nikajaza maganda makavu ya mahindi ya mavuno yaliyopita. Nilijiona nina akili. Ni nani Kitale hana maganda? Mahindi yenyewe yamekaa ndani ya maganda yale shambani, mvua na baridi, na hayapati homa.

Nyumba ilipata joto, hilo siwezi kukataa. Nililala vizuri. Halafu panya wakaja. Sikuwa nimeyapepeta, kwenye maganda kulikuwa na punje nyingi za ncha za mahindi, na panya wote wa upande huu wa Trans-Nzoia waliitana. Walikimbia juu ya kichwa changu kama watoto wa shule wametoka mapumziko. Mama wa maziwa akaniambia, "Umewajengea hoteli, mzee, na chakula uko nacho." Ikabidi nishushe kila kitu. Nikaanika maganda, nikayapiga kwa fimbo, punje zikamwagika, kuku wakanenepa. Nikayarudisha masafi, nimeyanyunyizia majivu. Panya wakaenda kutafuta hoteli nyingine. Lakini nitakuwa mwongo nisipoandika kwamba siku za panya sikujisikia mpweke hata kidogo. Nilikuwa na watu wa kugombana nao.

Mwishoni likabaki tundu moja. Ni kwenye kona ya chini ya dirisha la chumba cha kulala, upande wake wa kitanda, pale fremu ilipoachana na ukuta. Kidole kinaingia. Hilo ndilo lililotoa ule upepo mwembamba. Ungedhani ningeanza nalo. Siku ile nilikuwa nimeshika tonge la udongo mkononi, nimelowesha ukuta kama nilivyofundishwa, nikasimama.

Nikaona hivi. Tundu hili likiwa wazi, mke wangu yuko Sirisia kwa sababu ya baridi. Nikiliziba na asirudi, basi yuko Sirisia kwa sababu nyingine, na hiyo sababu ni mimi.

Nikarudisha udongo kwenye karai. Nikachomeka kitambaa tu, ambacho usiku kilianguka, na nikakiacha. Kwa muda mrefu kidogo nililala upande ule nimevaa kofia ya sufu. Sijui kama mtu mwingine angefanya ujinga huo. Labda wapo.

Mwezi wa sita nikaenda Sirisia. Sikwenda na mzee. Nilibeba mkate na sukari, na nyoya langu lilikuwa kwenye mfuko wa shati, sijui kwa nini nilikwenda nalo. Mtu huzoea kifaa chake cha kazi. Kaka yake alinikuta langoni.

"Mulembe, shemeji! Umepotea."

"Mulembe. Nilikuwa tu napita."

"Unapita unaenda wapi? Mbele hapo ni Uganda."

Alicheka akanishika mkono akaniingiza. Ni mtu mwema, na hakuniuliza neno lolote siku ile, ingawa alikuwa na haki ya kuuliza. Mke wangu alikuwa shambani, wakaniambia nimngojee chumbani kwake nipumzike, mvua inakuja. Ni chumba cha udongo cha zamani, kizuri, kimefagiwa. Begi la kahawia lilikuwa juu ya kabati, tupu, limekunjwa. Nililiangalia. Begi la mtu anayerudi haliwekwi hivyo.

Nikatoa nyoya. Chini ya mlango wake mwanga uliingia wa upana wa vidole vitatu. Nyoya liliruka. Nikaenda dirishani, likaruka. Nikalishika juu ya kitanda chake, pale kwenye mto, likacheza kama mtoto aliyepewa pipi. Chumba kile kilikuwa na upepo kuliko nyumba yetu kabla sijaigusa.

"Ni nini hiyo?"

Alikuwa mlangoni, ana jembe, miguu ina matope.

"Ni nyoya."

"Naona ni nyoya. Limetoka wapi?"

"Kwa yule kuku mweupe."

"Na unalifanyia nini nyumbani kwa mama yangu?"

Nikamweleza yote. Matundu, alama za makaa, mama wa maziwa nje ya dirisha, panya. Akasema, "Hebu nipe." Akalishika kwa uzi juu ya kitanda, akaliangalia likiruka, akacheka mpaka akaketi. "Baba watoto. Umetoka Kitale yote ile kuja kupima upepo wa Sirisia!"

"Kwa hivyo hapa pia uko."

"Uko."

"Na unalala."

"Nalala." Akaacha kucheka. Alikuwa anakwangua tope kwenye kidole gumba cha mguu. "Usifikiri nilikudanganya. Baridi ya kule ni baridi, hapa si kama kule, na sikio linauma kweli. Lakini hapa upepo unaingia na watu wanaingia. Hawa watoto hawabishi hodi. Wifi ananiita kupitia ukutani. Kule ulikuwa unaingia upepo peke yake."

"Si mimi niko sasa? Sijatoka usiku tangu mwaka jana."

"Najua uko." Akanirudishia nyoya. "Uko, lakini unaketi pale sebuleni kama uko geti. Mtu anaogopa hata kukusalimia asije akaulizwa kitambulisho."

Nilitaka kujitetea. Mtu aliyekaa usiku kwa miaka bila kuzungumza hawezi kuamka asubuhi moja akawa mwenye maneno. Hata hivyo alichosema ni kweli, nimejiona, naketi nikiutazama mlango. Nikanyamaza, na ndipo nikasikia kwamba nimenyamaza.

Aliponisindikiza akasema, "Nitakuja kuona hiyo kazi yako."

Kuona, alisema, na nilitembea na neno hilo mpaka Kitale, nikiligeuza. Mtu huenda kuona mgonjwa. Huenda kuona mtoto mchanga. Akishaona, hurudi kwake.

Jumamosi iliyopita amekuja. Alikuwa na mfuko mdogo wa kushona, si lile begi. Niliuona mfuko kabla ya kumwona yeye. Nilikuwa nimemfunga yule kuku mweupe mguu kwenye mparachichi tangu asubuhi, kisu nimekinoa. Akasimama juu yake.

"Huyu umemfunga wa nini?"

"Wa jioni."

"Kuna mgeni gani?"

Kuku kwetu huchinjiwa mgeni, kila mtu anajua. Akainama akamfungua mwenyewe, kuku akajitikisa akaenda. Mke wangu akachukua ungo ukutani, pale ulipokuwa siku zote, akazunguka nyuma ya nyumba kuchuma kunde.

Alikagua kazi. Alisukuma mpira wa mlango kwa kidole cha mguu. Alitazama juu kwenye dari kwa muda mrefu. "Umeshona wewe?"

"Kwa sindano ya magunia."

"Mistari imenyooka," akasema, na niligeuka nikajifanya natafuta kitu.

Jioni tulipokwisha kula tuliketi, na nyumba ilikuwa kimya sana. Nilikuwa sijaujua ukimya huo nikiwa na mtu. Upepo ukiingia nyumbani hujaza nafasi, hutikisa bati, hupiga pazia, na watu wawili wanaweza kukaa bila neno na wasione. Sasa tulisikia kila mmoja anavyomeza chai. Nikaona lazima niseme kitu, chochote. Nikamwambia kwamba ile miaka ya ghala, kulipokuwa karibu kupambazuka, nilikuwa nikizunguka nyuma ya magunia nikiimba nyimbo za kanisa ili nisilale.

"Wewe? Unaimba?"

"Hakukuwa na mtu wa kusikia."

"Imba."

"Sasa hivi?"

"Si umeziba nyumba? Nani atasikia?"

Niliimba ubeti mmoja. Niliuanza juu mno, nikakwama katikati, nikaumalizia chini. Hakunisifu na hakucheka. Alisema, "Hiyo sauti ilikuwa inaimbia mahindi miaka yote," na akaenda kulala.

Jana alasiri ndipo alipoliona tundu. Alikuwa anatandika kitanda, mkono ukaenda wenyewe kwenye kona ya dirisha, ule mkono uliolala hapo maisha yake yote. Akavuta kitambaa, ambacho nilikuwa nimekichomeka tena kabla hajafika.

"Na hapa?"

"Udongo uliisha."

Akatazama nje ya dirisha. Lundo la udongo lilikuwa pale pale, kubwa, limefunikwa na gunia. Akanitazama mimi. Mke wangu hana haja ya kuelezwa mambo mara mbili, na hili hakuelezwa hata mara moja.

"Ungeliacha mpaka lini?"

"Sijui," nikasema, na hiyo ilikuwa kweli.

Akafunga leso kiunoni, akatoka. Alichanganya udongo kwa miguu, akaongeza mavi ya ng'ombe bila kupima, akaja na tonge, akasukuma ndani kwa vidole mpaka likajaa, akalaza kiganja. Ilimchukua muda mfupi kuliko kuandika haya. Mimi nilishika karai. Nilimshikia karai nikifikiri kwamba basi, amekaa; mtu hawezi kuziba kwa mkono wake nyumba asiyolala.

Leo asubuhi amefunga mfuko. Maharagwe ya kaka yake yameng'olewa, mvua itayaozesha, yanataka mikono. Ni kweli, niliyaona mwenyewe nilipokuwa huko. Kwenye ukungu nilimsindikiza mpaka barabarani.

"Nikimaliza nitakuja," akasema.

"Kuja kuona?"

"Nione nini? Si nimeshaona. Kuja."

Sikumwuliza siku gani. Hapa ndipo sina hakika na nafsi yangu: sijui kama niliacha kuuliza kwa heshima au kwa woga, kama nilivyoliacha lile tundu. Pia sikuweza kusema ni nini kinachomvuta zaidi, maharagwe au wale watoto wasiobisha hodi, na kama ni watoto siwezi kumlaumu. Mimi ndiye nimebaki na nyumba yenye joto, na joto sasa naona halina kazi kubwa kwa mtu mmoja. Blanketi mbili zingetosha.

Nilipotoka barabarani nilikwenda kwanza kwenye ile kona ya dirisha. Udongo bado mbichi, hali ya hewa hii hauwezi kukauka upesi, na alama za vidole vyake vinne zimebaki wazi. Mama wa maziwa alinifundisha kwamba udongo ukianza kushika unaupitishia kiganja chenye maji upate kuwa laini. Sitaupitishia. Nimetundika nyoya kwenye msumari juu yake. Mvua na upepo vinapiga upande huo huo saa hii, na nyoya limening'inia tu.

Jioni nimepika ugali mdogo, nimekula na zile kunde zake za jana. Alikuwa ameziacha zilale kwenye maziwa, na siku ya pili zimekuwa tamu zaidi. Kuku mweupe amelala bandani.